Anaiga Hata Kigugumizi Changu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma najiona kama mtu anayelalamikia bahati yake. Nina miaka 41. Kwa miaka 16 nimekuwa nikitangaza kipindi cha asubuhi redioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Miaka miwili iliyopita aliletwa kwetu msichana wa miaka 24 kujifunza kazi, na mkuu wa vipindi akasema nimlee mimi. Hapa nitamwita Binti.

Tangu wiki ya kwanza Binti ni mtu wa kunisifu. Navua hedifoni, nafungua mlango wa studio, namkuta amesimama: "Dada, leo umeua." "Dada, hiyo sauti yako inaponya wagonjwa." Mwanzoni nilikuwa naona haya, namjibu "haya, asante" na kupita. Baadaye nikazoea. Halafu, Shangazi, nikaanza kungoja. Wiki aliyokwenda likizo nilitoka studio nikakuta ukumbi mtupu, nikajisikia kama kipindi chote kimekwenda bure.

Kuiga kulianza taratibu. Kwanza kalamu: mimi huandika skripti kwa wino wa kijani, naye akanunua ya kijani. Kisha nywele, zimefungwa nyuma kama zangu. Kisha jinsi ninavyokaa mbele ya maikrofoni, mguu mmoja nimeukunja chini yangu. Kisha kicheko. Mimi hucheka kwa pumzi kwanza, sauti inakuja nyuma. Siku moja niko chumba cha habari nikajisikia nacheka upande wa pili wa ukuta, na mdomo wangu nimeufunga.

Hayo yote niliyameza. Lililonikaba ni hili. Utotoni nilikuwa na kigugumizi. Nilipambana nacho, maneno mengi nikayashinda, ila majina ya watu yaliendelea kunitesa mpaka nimekuwa mtu mzima. Mwalimu wangu mmoja alinifundisha ujanja: kabla ya jina nyamaza, hesabu moja, mbili, shusha pumzi, ndipo ulitaje. Hadi leo nafanya hivyo. Wasikilizaji wanadhani ni madoido yangu, wanasema nampa mgeni heshima yake. Kazini hakuna anayejua ukweli. Mwezi uliopita nilikuta daftari la Binti liko wazi mezani, na mstari mmoja ulisema: "Kabla ya jina la mgeni, kimya sekunde 2." Ameupigia mistari miwili chini.

Jumamosi ile, siku ambayo Binti huendesha kipindi chake, mama yangu mzazi alinipigia. "Mbona hukuniambia kama leo unatangaza?" Nikamwambia sikutangaza, niko nyumbani nafua. Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini nimekutambua kwa kile kituo chako kabla ya jina." Shangazi, mama yangu ndiye aliyekaa nami usiku baada ya usiku tukirudia majina ya watu wa ukoo mpaka ulimi ulegee. Nilikata simu nikalia.

Na kuna la kazini. Siku moja tukitoka kazini nilimwambia Binti wazo la sehemu mpya ya kipindi: msikilizaji atume sauti ya kitu cha nyumbani kwake, bawaba ya mlango, cherehani, ndoo ikijaa maji, na wengine wabahatishe ni nini. Nilikuwa sijaliandika popote. Miezi miwili baadaye, kwenye kikao cha vipindi, Binti akalitoa wazo lile lile, hadi mfano wa cherehani. Mkuu akapiga makofi. Nilipofungua mdomo niseme, Binti akanigeukia mbele ya watu wote: "Mimi kila kitu nimejifunza kwa Dada. Bila Dada mimi si kitu." Watu wakanipigia makofi na mimi. Nikaufunga mdomo. Ningesema nini baada ya hapo?

Nikiri na jambo moja la aibu. Wiki iliyofuata nilimtambulisha mgeni hewani kwa jina la mtu mwingine, mara mbili. Fundi mitambo wetu, mzee asiye na maneno mengi, alibandika karatasi kwenye kioo, ameandika jina sahihi kwa herufi kubwa. Nilipotoka nikamuuliza Binti, "Leo nilikuwaje?" Akasema, "Dada, leo ndiyo umevunja rekodi." Nami nikafurahi. Nikafurahi, Shangazi, huku najua.

Wenzangu wanasema kuigwa ni sifa, nishukuru. Mume wangu anasema ni wivu wa mtu anayeona mdogo wake anakuja juu. Je, ni wivu? Nimkemee, nimkwepe, au ninyamaze?

Dada wa Asubuhi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mchana nikairudia usiku, na mara zote mbili nimekwama pale mama yako aliposema amekutambua kwa kile kituo. Mtu akiniambia hapo palikuwa na wivu tu, nitamwambia hajasoma.

Nianze na hilo la "kuigwa ni sifa", kwa sababu naona limekufunga mikono. Msemo huo una mwenyewe. Aliyeuchapisha kwa Kiingereza ni kasisi wa Uingereza aliyeitwa Charles Caleb Colton, mwaka 1820, na neno alilolitumia halikuwa la sifa njema. Lilikuwa lile la kujipendekeza, la kumvika mtu kilemba cha ukoka. Alisema kuiga ndiko kujipendekeza kwa dhati kuliko kote. Watu wameligeuza kuwa bembelezo la kumnyamazishia kila anayeigwa, eti acha kulia, umesifiwa. Ukiambiwa hivyo tena, usijilaumu kwamba huoni raha. Kilemba cha ukoka ni majani, na wewe kichwa chako kinajua kilichovikwa.

Lakini, mwanangu, umenichanganyia mambo kwenye kapu moja, na nadhani ndiyo maana hujui umkemee au umkwepe. Kile kituo kabla ya jina ni jambo moja. Lile wazo la sauti za nyumbani ni jingine kabisa. Na ile "Leo nilikuwaje?" ni la tatu, na hilo si la Binti.

Kalamu, nywele, mkao na kicheko sitavisemea sana. Mtu akikaa karibu na mwenzake huanza kufanana naye bila kukusudia. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Tanya Chartrand na John Bargh, waliwakalisha watu na mgeni wasiyemjua ambaye alikuwa ama anajishikashika uso ama anatikisa mguu. Waliokaa naye wakaanza kujishika uso au kutikisa mguu kama yeye, na walipoulizwa hawakuwa wametambua. Kisha wakageuza, mgeni akawa ndiye anayewaiga, kidogo tu, kwa siri. Walioigwa walimpenda zaidi na wakaona mazungumzo yamekwenda laini zaidi. Ndivyo tulivyo. Kuigwa kwa kiasi, bila kujua, hutufanya tujisikie tuko na wa kwetu. Wewe umevuka hapo kwa sababu umeona. Ukishaona huwezi kuacha kuona, na kila kicheko cha upande wa pili wa ukuta kinakuchoma. Naelewa. Ila miaka miwili chumba kimoja, na wewe ndiye uliyepewa kumlea? Ningeshangaa kama asingeokota kitu.

Sasa lile daftari. Limekuumiza, nami ndilo linalonipa matumaini kuliko mstari mwingine wowote wa barua yako. Nikueleze kwa nini.

Kwenye kisiwa cha Ngamba, Uganda, ndani ya Ziwa Victoria, kuna hifadhi ya sokwe yatima. Huko Victoria Horner na Andrew Whiten walifanya jaribio walilolichapisha mwaka 2005. Walikuwa na sanduku lenye zawadi ndani. Mtu anachukua kijiti, kwanza anakichomeka kwenye tundu la juu, anachokora, kisha anakuja kwenye mlango wa mbele na kuitoa zawadi. Ile chokora ya juu haikuwa na kazi yoyote. Sanduku likiwa jeusi, lisiloonyesha ndani, sokwe waliiga vyote, juu na mbele. Likiwa la kuangaza, unaona kabisa kwamba tundu la juu haliendi popote, sokwe wengi waliruka hatua hiyo wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto wa Uskoti wa miaka 3 na 4 walipewa sanduku lile lile la kuangaza. Waliendelea kuchokora juu kama walivyoonyeshwa.

Mtu anaweza kusema sokwe wamewashinda watoto akili. Mimi nasoma tofauti. Mtoto anayeiga hadi hatua isiyo na kazi amemwamini anayemfundisha. Anajiambia, huyu anajua kitu nisichokijua, acha nichukue vyote, nitachambua baadaye. Ndivyo tulivyojifunza kuongea, kushona na kuswali, kwa kuchukua na yale tusiyojua yana kazi gani. Binti wako sanduku lake ni jeusi. Anakusikia unanyamaza kabla ya jina la mgeni, anaona wasikilizaji wanapenda, na hana njia ya kujua kwamba ndani ya kimya kile kuna mtoto anayehesabu moja, mbili ili ulimi usimsaliti. Akaandika "sekunde 2" akapiga mistari. Mwizi hapotezi wino kwa vitu vya namna hiyo. Mwizi huchagua kinachouzika, akakiacha kingine. Anayebeba hadi kidonda chako akidhani ni pambo, huyo bado anajifunza, na hajui anachojifunza ni kipi.

Kwa hiyo kuhusu kituo, usimkemee. Mwambie. Najua nakuomba jambo zito. Umelificha kazini miaka 16. Huna haja ya kuliambia jengo zima. Mkalishe yeye peke yake, siku msiyo na haraka, umwambie: "Ile pumzi ninayoshusha kabla ya jina ina historia yake," kisha umpe historia yenyewe, mwalimu, mama, majina ya ukoo usiku. Kisha umuulize yeye, majina anayaogopa? Kama hayaogopi, ya nini kunyamaza? Mtafutie rekodi yake ya zamani, ya wiki zake za kwanza kabla hajakujua vizuri, msikilize pamoja. Nina hakika kuna kitu mle alikifunika kwa kukuiga wewe. Huenda ni kasi. Huenda ni kicheko chake mwenyewe. Mtu anayeambiwa "acha kuniiga" bila kuonyeshwa cha kushika badala yake hubaki uchi, na mtu aliye uchi hung'ang'ania nguo ya jirani zaidi.

La wazo ni habari nyingine. Hapo sina cha kumtetea Binti. Ulimwambia jambo ambalo hujaliandika popote, akaliweka miezi miwili, akalitoa kikaoni kama lake, na cherehani yako ndani. Kisha nataka uangalie kwa makini alichofanya ulipofungua mdomo, kwa sababu ndicho kinachokukosesha usingizi na hujakitaja kwa jina. Alikupa sifa ya jumla mahali ulipokuwa unastahili haki ya kitu kimoja. "Kila kitu nimejifunza kwa Dada." Kila kitu! Kikao kizima kikapiga makofi, na katika hicho kila kitu lile wazo likapotea. Angesema "hili ni wazo la Dada, alinisimulia tukitoka kazini," lingekuwa neno dogo zaidi, lisilo na machozi, nalo lingekuwa la kweli. Sifa kubwa ilikuja kuziba nafasi ya ukweli mdogo. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Chupa inateleza, inang'aa, na hakuna tone lililokushika.

Inawezekana hakupanga. Mtu aliyezoea kusifu akibanwa hukimbilia sifa kama mtu wa pwani anavyokimbilia maji. Kama alipanga au hakupanga, mazungumzo ni yale yale, na yafanyike wiki hii, maana lishakaa mno. Mkiwa wawili tu, bila kupandisha sauti, sema hivi: "Lile wazo la sauti za nyumbani nilikusimulia mimi. Kikaoni ulilileta kama lako. Ulinisifu, lakini wazo hukulitaja ni la nani. Nataka kikao kijacho ulitaje." Halafu nyamaza. Wewe kunyamaza unajua kuliko mtu yeyote. Usijaze kimya hicho kwa kumtuliza. Akilia, mpe muda wa kulia. Akianza tena "Dada, wewe ni mama yangu, wewe ni kila kitu changu," mrudishe taratibu: "Asante. Na wazo?"

Kikao kikifika asiposema, sema wewe, kwa sentensi moja mbele ya mkuu, bila kusimulia tabia zake wala habari ya kalamu ya kijani. Ukianza na kalamu, watasikia wivu tu, na wazo litazikwa mara ya pili. Kuanzia hapo, mwanangu, wazo likikujia liandike, liweke tarehe, umtumie mkuu siku hiyo hiyo. Kumi na sita ni miaka mingi kuwa unabeba kazi yako kichwani.

Sasa la tatu, na hapa nivumilie.

Ulimwita mgeni kwa jina la mtu mwingine, mara mbili. Wewe, ambaye jina la mtu kwako ni mlima uliopandwa kwa miaka. Mzee wa mitambo akaandika jina sahihi kwa herufi kubwa akalibandika kwenye kioo. Ukatoka studio, ukampita yule mzee, ukaenda kumuuliza Binti ulikuwaje. Ulijua atasema nini. Ndiyo maana ulimuuliza yeye.

Sikulaumu kwa kufurahi. Kufurahia sifa unayojua ni ya uongo ni jambo la binadamu wote, na limepimwa. Mwaka 2010 Elaine Chan na Jaideep Sengupta walichapisha utafiti waliofanya Hong Kong. Waliwapa watu karatasi ya tangazo la duka la nguo, iliyowaambia wasomaji wake kwamba wao ni watu wa kuvaa, wenye jicho la mitindo. Ni karatasi iliyochapwa, haimjui yeyote. Wasomaji waliitambua kuwa ni mbinu ya kuuzia, wakaipunguzia alama walipoulizwa. Lakini ilipopimwa ile hisia ya ndani inayokuja kabla mtu hajafikiri, duka lilikuwa limeshapendwa, na hisia hiyo ilidumu kuliko ile hukumu ya makusudi. Kama karatasi isiyo na macho inaweza kufanya hivyo, itakuwaje mtu anayekusubiri mlangoni kila siku na kukuita Dada?

Ila kufurahi ni kitu kimoja, na kwenda kuiomba ni kingine. Kila mara ulipotoka ukamwangalia usoni ukisubiri, ulikuwa unamfundisha, kama ulivyomfundisha pumzi na mkao. Alijifunza kwamba kazi yake mlangoni ni kukupa dozi. Huyo ni msichana wa miaka 24, mustakabali wake uko mikononi mwako, anakuona uso unavyochanua akisema umeua. Ulitaka aseme nini siku ile ya mgeni? Kwa miaka miwili hakuna hata siku moja, kwa barua yako, uliyomwomba akuonyeshe ulipoteleza.

Nami nimekalia kiti hicho. Zamani nilikuwa na cheo kidogo mahali fulani, na kulikuwa na mtu aliyenipongeza kila asubuhi hadi kwa barua za kawaida za ofisi. Cheo kilipohamia kwa mwingine, pongezi zilihama nacho wiki hiyo hiyo. Sikuumia kwamba alikuwa mwongo. Niliumia nilipogundua kwamba kwa muda ule wote niliacha kuwasikiliza wawili ambao hawakunisifu, na mmoja alikuwa ananiambia jambo la maana.

Kwa hiyo rudi kwa mzee wa mitambo. Kamshukuru kwa karatasi ile, kama hujafanya. Nina swali pia ambalo barua yako haikujibu: Binti anaongeaje naye? Anamsalimu, anamuuliza mambo, anampisha? Au sifa zote ni za kwako na kwa mkuu, na mzee hapati hata habari za asubuhi? Roos Vonk wa Uholanzi alionyesha mwaka 1998 kwamba watu hawamchukii mtu kwa sababu tu ni mpole kwa wakubwa. Wanachokichukia, na upesi sana, ni upole kwa wakubwa ukikaa pamoja na ukali kwa wadogo. Wewe uko juu yake, kwa hiyo mahali ulipoketi huoni vizuri. Muulize mzee. Akisema, "Yule mtoto? Huwa anabaki hapa jioni ananiuliza mitambo inavyofanya kazi," basi una mwanafunzi mwenye ulimi mtamu. Akisema hajui hata jina lake, una jambo lingine.

Na hilo jambo lingine lina umri mrefu. Plutarch, Mgiriki aliyeandika karibu miaka 1,900 iliyopita, aliandika kwa urefu namna ya kumtambua mwenye kujipendekeza asidhaniwe rafiki, na akamfananisha na kinyonga. Kinyonga, alisema, huchukua rangi zote isipokuwa nyeupe, na mtu huyo naye huiga kila kitu chako isipokuwa kile kilicho bora. Wazee hao waliamini umtege, ujifanye umebadili maoni, uponde leo ulichokisifu jana, uone kama atageuka nawe. Mimi sipendi mitego. Anayetega watu huishia kutomwamini hata anayepita mtihani. Una njia nyepesi zaidi: tangulia kuuliza, kabla hujasema la kwako. Mkimaliza kusikiliza kipindi cha mtu mwingine, muulize Binti ameonaje, na wewe usikunje uso wala usikenue. Mara ya kwanza atakutazama machoni akitafuta jibu. Usimpe. Mara ya tatu au ya nne ataanza kusema analofikiri, kama analo.

Vivyo hivyo mlangoni. Kesho ukitoka studio akaanza "Dada, leo ume...", mkatize kwa upole: "Kabla ya hapo, niambie mahali pamoja nilipoteleza." Hatakuwa na jibu. Mwambie utangoja hadi kesho kutwa. Siku atakayokuletea kosa la kweli, hata dogo, umshukuru kwa uso ule ule unaouchanua akisema umevunja rekodi. Hilo litakuwa gumu kwako kuliko kwake.

Kuna uwezekano kwamba baada ya haya yote Binti atakasirika, atanuna, atahamishia sifa zake kwa mkuu wa vipindi. Ikiwa hivyo, mwache aende. Wazo lako utakuwa umelirudisha, na ukumbi mtupu utakuwa umeanza kuuzoea. Sidhani ndivyo itakavyokuwa, lakini mimi nina barua tu, wewe una mtu mwenyewe.

Umeniuliza kama ni wivu. Kidogo upo, na mumeo hakukosea kuuona. Kinachonishughulisha zaidi ni hofu yako baada ya simu ya mama: kwamba kama mtu mwingine anaweza kuwa na kicheko chako na kimya chako mpaka mzazi amdhanie ni wewe, basi wewe umebaki na nini. Kwa hilo mimi si wa kukujibu, lakini yupo anayeweza. Mpigie mama. Mweleze nani alitangaza siku ile, na alilipata wapi lile pumziko. Kisha mwombe Jumamosi hii afungue redio tena, safari hii akijua si wewe, asikilize kipindi kizima, na akuambie ni wapi hasa sauti ile inaacha kuwa ya mwanawe. Mwambie asikuonee huruma. Atakachosema niandikie.

Shangazi